Kuburuta Kisichoshikika: Historia ya Kipanya katika Michoro ya Mtandaoni

Mtu anayesogeza ramani kwenye skrini ukimwuliza anafanya nini, atakujibu kwamba anaishika na kuivuta. Kwake yeye jibu hilo ni sahihi. Kwa kompyuta halina maana yoyote. Kompyuta haijui kushika wala kuvuta. Inachojua ni mambo matatu tu: kwamba kitufe kimebonyezwa, kwamba mkono umesogea, na kwamba kitufe kimeachiwa. Yaliyobaki yote, yaani ile hisia kwamba ramani imo mkononi na inatufuata tunakotaka, yametengenezwa na watu hatua kwa hatua kwa muda wa miaka sitini hivi.

Katika insha hii nitafuatilia jinsi hisia hiyo ilivyojengwa, kuanzia maabara za Marekani za miaka ya 1960 hadi michoro ya kurasa za mtandaoni tunazozifungua leo kwa simu. Hoja yangu ni kwamba historia hii inazunguka maswali mawili. La kwanza ni la kiufundi: nani aanze kumwambia mwenzake habari za mkono, programu au mashine? La pili ni la kijamii: ni mkono wa nani unaohesabiwa? Wahandisi walilijibu swali la kwanza kwa makini sana. La pili walilijibu mara nyingi bila kujua kwamba wanalijibu, na walioachwa nje ya jibu hilo walingoja miaka mingi.

Kwa kuwa sisi ni wanafunzi wa Kiswahili, inafaa tuanze na neno lenyewe. Kiswahili cha kompyuta kimechagua kitenzi "kuburuta". Tunaburuta gogo, gunia la mkaa, au mbuzi asiyetaka kwenda mnadani. Jirani yake ni "kukokota", kitenzi kilichotupa mkokoteni. Vitenzi vyote viwili vina uzito ndani yake: kuna kitu kizito, kuna ardhi, kuna alama inayobaki nyuma. Lakini kinachoburutwa kwenye skrini hakina uzito wala hakiachi alama. Kwa kweli hata hakisogei. Kinafutwa pale kilipokuwa na kuchorwa upya kando kidogo, kisha kinafutwa na kuchorwa tena, haraka kiasi kwamba jicho linaona mwendo mmoja. Neno letu linaeleza hisia ya mtumiaji, si kazi ya mashine. Historia ninayoisimulia iko katikati ya hayo mawili.

Mwaka 1963 Ivan Sutherland, mwanafunzi wa uzamivu katika chuo cha MIT, aliwasilisha tasnifu kuhusu programu aliyoiita Sketchpad. Iliendeshwa kwenye kompyuta ya TX-2 katika maabara ya Lincoln. Mtumiaji alielekeza kalamu ya mwanga kwenye skrini, akachora mistari na duara, na aliweza kuchukua ncha ya mstari na kuihamisha huku mchoro wote ukijirekebisha mbele ya macho yake. Kalamu hiyo haikutoa mwanga bali iliupokea. Kompyuta ilichora msalaba mdogo wa nuru, ikaangalia ni sehemu zipi za msalaba zinazoonwa na kalamu, kisha ikausogeza msalaba ili uifuate. Ili kumaliza, mtumiaji aliipunga kalamu ghafla, kwa kasi ambayo msalaba haukuweza kuifuata. Kompyuta ikimpoteza, ilielewa kwamba ameachia. Naomba msomaji aikumbuke hila hii, kwa sababu miaka thelathini na zaidi baadaye jambo hilohilo, yaani mkono kuikimbia mashine, litarudi likiwa kasoro na si hila.

Kalamu ya mwanga ilikuwa na tatizo la mwili: mkono ulilazimika kuinuliwa mbele ya skrini muda wote. Douglas Engelbart na mwenzake Bill English, katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford, walitafuta chombo kinachotulia mezani. Mwaka 1964 walikuwa na kipanya cha kwanza: kibweta cha mbao chenye kitufe kimoja juu na magurudumu mawili chini, moja la kupima mwendo wa kushoto na kulia, jingine la kupima mwendo wa mbele na nyuma. Walikipima kwa majaribio dhidi ya vyombo vingine, kikiwamo kimoja kilichoendeshwa kwa goti. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Engelbart alikionyesha hadharani mbele ya watu wapatao elfu moja, na hataza ya chombo hicho ilitolewa mwaka 1970.

Jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka ni kwamba kipanya hakijui kilipo. Kalamu ya Sutherland iligusa mahali, kipanya kinasema tu "nimesogea kiasi hiki kulia, kiasi hiki mbele." Ukikiinua na kukiweka upande wa pili wa meza, hakina habari. Kompyuta ndiyo inayojumlisha hizo habari ndogondogo na kuchora kishale pale hesabu inapofikia. Kwa hiyo tangu mwanzo mkono na kishale ni vitu viwili tofauti vilivyounganishwa kwa hesabu. Umbali kati ya mkono na kitu kinachoshikwa ulizaliwa hapo.

Kituo kilichofuata ni maabara ya kampuni ya Xerox mjini Palo Alto, ambako kompyuta iitwayo Alto ilianza kufanya kazi mwaka 1973. Mwaka 1981 Xerox iliuza mashine iitwayo Star, yenye picha ndogo za faili na makabrasha kwenye skrini. Kuhamisha faili katika Star hakukuhitaji kushikilia kitufe cha kipanya. Mtumiaji alichagua faili, akabonyeza ufunguo wa "hamisha" kwenye kibodi, kisha akaonyesha mahali anapotaka faili iende. Vilikuwa vitendo vifupi vinavyofuatana, na kati ya kimoja na kingine mkono uliweza kupumzika.

Apple walichagua njia nyingine. Katika Lisa ya mwaka 1983, na hasa katika Macintosh iliyozinduliwa tarehe 24 Januari 1984, mtumiaji alibonyeza picha ya faili, akashikilia, akasogeza, akaachia. Kipanya chao kilikuwa na kitufe kimoja, nacho kilitosha. Njia hiyo ilipendwa kwa sababu ilifanana na maisha: ukitaka kutupa kitu, unakichukua na kukipeleka kwenye pipa la taka. Kompyuta nyingine zikaiga, na mtindo wa Star ukasahauliwa.

Ndani ya Macintosh, swali langu la kwanza lilikuwa na jibu lililo wazi: programu ndiyo iliyouliza. Mtu alipobonyeza kitufe, programu iliingia kwenye mzunguko mdogo ikaanza kuuliza: kitufe bado kimebonyezwa? Ndiyo. Kishale kiko wapi? Hapa. Chora. Kitufe bado kimebonyezwa? Ndiyo. Kishale kiko wapi? Na hivyo hivyo mpaka jibu liwe "hapana". Ilikuwa njia nyepesi kuiandika, maana hadithi yote ya uburutaji, mwanzo wake, katikati na mwisho, ilikaa mahali pamoja ndani ya programu. Gharama yake ni kwamba programu iliyokuwa inauliza haikuwa na nafasi ya kufanya kazi nyingine hadi mtu aachie.

Mtandao ulipoingia, hesabu zote zilibadilika. Kurasa alizozibuni Tim Berners-Lee katika kituo cha CERN mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa maandishi yenye viungo, na hazikuwa na kitu cha kushika. Hatua ya kwanza ya kuifanya picha isikie mkono ilikuja na kivinjari cha Mosaic cha mwaka 1993. Mwandishi wa ukurasa aliweza kuitangaza picha kuwa ramani ya kubofya. Mtu alipobofya, kivinjari kilipima umbali wa nukta ile kutoka ukingo wa kushoto na kutoka ukingo wa juu, kikaambatisha namba hizo mbili kwenye anwani, na kuzituma kwa seva. Seva ilitazama nukta imeangukia wapi kisha ikarudisha ukurasa mpya.

Huo ulikuwa mtindo wa barua. Unaandika, unatuma, unangoja jibu. Huwezi kuburuta kitu kwa barua, kwa sababu kila hatua ndogo ya mkono ingehitaji safari ya kwenda kwenye seva na kurudi. Ili uburutaji uwezekane, ilibidi ukurasa wenyewe uwe na akili kidogo, ujibu papo hapo bila kuuliza mbali.

Akili hiyo ilikuja mwaka 1995, Brendan Eich alipoitunga lugha ya JavaScript katika kampuni ya Netscape. Lakini jibu la swali la "nani anauliza" liligeuzwa kichwa chini. Kivinjari hakiwezi kuuruhusu ukurasa uingie kwenye mzunguko wa kuuliza na kukaa humo, maana dirisha zima lingeganda. Kwa hiyo programu ya ukurasa hairuhusiwi kuuliza. Inaacha ujumbe tu. Ni kama mtu anayemwambia bawabu: "Akija mgeni, niite." Kisha anakwenda kulala. Kivinjari ndicho kinachokaa macho, na kitufe kikibonyezwa kinaiamsha programu, kinaipa habari ya tukio, na programu ikimaliza inalala tena.

Badiliko hili linaonekana dogo, lakini liliikata hadithi ya uburutaji vipande vitatu. Kubonyeza ni tukio moja, kusogea ni tukio jingine, kuachia ni tukio la tatu. Katika msimbo yanaitwa mousedown, mousemove na mouseup. Kila tukio linaiamsha programu peke yake, na kila moja halijui lililotangulia. Programu inalazimika kujitunzia kumbukumbu: je, sasa hivi nimeshika kitu? Kitu gani? Nimekishika sehemu gani? Naona hapa ndipo ilipo roho ya kazi yote. Kinachoitwa kushika, katika michoro ya mtandaoni, ni kumbukumbu ndogo iliyowekwa kitufe kinapobonyezwa na kufutwa kinapoachiwa.

Tuchukue mfano wa duara moja kwenye mchoro. Kitovu chake kiko pikseli 200 kutoka ukingo wa kushoto, na mtu amelibonyeza kwenye pikseli ya 206. Mwandishi asiyejua kazi ataandika kwamba mkono ukisogea, kitovu kiende pale mkono ulipo. Matokeo yake, mara tu mtu anapoanza kusogeza, duara linaruka pikseli 6 ili kitovu kiwe chini ya kishale. Mtu anahisi kama ameshika kitu kinachoteleza. Anayejua kazi anaikumbuka ile tofauti ya 6, na mkono ukifika 300 anakiweka kitovu kwenye 294. Hesabu ni ya darasa la tatu, lakini ndiyo inayotofautisha mchoro unaoaminika na mchoro unaochukiza.

Kasoro ya pili ni ile niliyomwomba msomaji aikumbuke. Kivinjari hakitoi habari za mwendo mfululizo kama maji ya bomba. Kinazitoa tone kwa tone, makumi ya mara kwa sekunde. Ikiwa duara lina nusukipenyo cha pikseli 10 na mkono umeruka pikseli 40 kati ya habari moja na nyingine, habari ya pili itaangukia nje ya duara. Kama mwandishi aliliagiza duara lenyewe lisikilize mwendo, halitasikia chochote. Litabaki nyuma, limeachwa njiani. Kwa Sutherland kuikimbia mashine kulikuwa ishara ya kumaliza. Hapa ni ajali. Dawa yake ni kwamba duara lisikilize kubonyezwa tu, na baada ya hapo ukurasa mzima usikilize mwendo na kuachia. Hata hivyo mtu akiachia kitufe nje ya dirisha la kivinjari, huenda ukurasa usisikie, na akirudi atakuta duara bado limemganda kama kupe.

Kusikiliza kwa ukurasa mzima kunaleta swali la utaratibu. Duara limo ndani ya mchoro, mchoro umo ndani ya ukurasa. Mtu akibonyeza duara, nani asikie kwanza? Mwaka 1997 kampuni mbili zilizokuwa zikigombea soko zilitoa majibu yanayopingana. Katika kivinjari cha nne cha Netscape tukio lilianzia juu, kwa ukurasa, likashuka hadi kwenye kitu kilichobonyezwa. Katika kivinjari cha nne cha Microsoft lilianzia chini, kwenye kitu chenyewe, likapanda juu. Kwetu Uganda tunauelewa mtindo wa Microsoft bila maelezo mengi: ugomvi wa kijijini huanzia kwa mwenyekiti wa LC1, kisha hupanda LC2 na LC3 ukishindikana. Mtindo wa Netscape ni kama kumpelekea mkuu wa wilaya kila ugomvi wa kuku, naye aamue kama ataushusha kijijini.

Shirika la W3C, linaloweka kanuni za mtandao, lilitoa suluhisho tarehe 13 Novemba 2000, na lilikuwa suluhisho la wazee: wote wawili wana haki. Tukio lishuke kwanza kutoka juu hadi kwenye kitu chenyewe, kisha lipande tena kutoka kwenye kitu hadi juu, na kila msikilizaji achague asikie wakati wa kushuka au wa kupanda. Kanuni ikawa nzuri, lakini Microsoft, ambao kivinjari chao ndicho kilichotumiwa na watu wengi zaidi duniani wakati huo, hawakuikubali hadi toleo lao la tisa la mwaka 2011. Kwa zaidi ya miaka kumi waandishi wa kurasa waliandika kila kitu mara mbili, au walitumia maktaba za msimbo kama jQuery ya mwaka 2006 ziwafanyie kazi hiyo ya ukalimani.

Wakati ugomvi huo ukiendelea, michoro yenyewe ilikuwa ikigawanyika katika aina mbili. Mwaka 2001 W3C ilitoa kanuni ya SVG, ambayo ndani yake kila duara na kila mstari ni kitu chenye jina na chenye masikio yake. Mwaka 2004 Apple walibuni turubai iitwayo canvas, ambayo baadaye ilikubaliwa na vivinjari vyote. Turubai ni kama ukuta uliopakwa rangi. Ukishachora duara juu yake, hakuna tena duara; kuna pikseli za rangi tu. Mtu akibonyeza, anayesikia ni ukuta mzima, na mwandishi lazima ajue mwenyewe kilichobonyezwa ni nini.

Njia moja ya kujua ni jiometri ya shule: pima umbali kutoka nukta iliyobonyezwa hadi kitovu cha duara, na ukiwa mdogo kuliko nusukipenyo, basi duara ndilo lililobonyezwa. Njia nyingine ni ya werevu zaidi. Mwandishi anachora turubai ya pili isiyoonekana, ambayo kila umbo lina rangi yake pekee isiyorudiwa. Mtu akibonyeza, programu inachungulia nukta ileile kwenye turubai ya siri, inasoma rangi, na rangi inakuwa jina la umbo. Kanuni ya WebGL ilipotolewa mwaka 2011 na kuleta michoro yenye kina kwenye kivinjari, ikatumika pia hesabu ya mshale unaorushwa kutoka kwenye jicho la mtazamaji kupitia nukta aliyobonyeza, ili kuona unagonga umbo gani kwanza. SVG inalipa masikio kila umbo, lakini maumbo yakiwa maelfu mengi kivinjari huanza kuchoka. Turubai haichoki upesi hivyo, lakini masikio unayatengeneza mwenyewe.

Watu wa kawaida hawakuyajua hayo yote. Walichokijua ni ramani. Kabla ya mwaka 2005, ramani nyingi za mtandaoni zilikuwa na mishale pembeni: unabofya mshale wa mashariki, ukurasa unapakia upya, unaona kipande kinachofuata. Google Maps ilipozinduliwa tarehe 8 Februari 2005, ikiwa imetokana na kazi ya ndugu wawili, Lars na Jens Rasmussen, na wenzao, mtu aliweza kuibonyeza ramani na kuiburuta. Ilikatwa vipande vya mraba. Mkono ukisogea, vipande vyote vilisogezwa pamoja huku vya pembeni vikiletwa kutoka kwenye seva kabla havijahitajika. Barua za Mosaic bado zilikuwa zikienda na kurudi, ila sasa zilikwenda nyuma ya pazia.

Ramani za aina hiyo ndizo zilizoifikisha historia hii Afrika Mashariki kwa namna yenye uzito. Januari 2008, Kenya ikiwa katika machafuko baada ya uchaguzi, kundi la Wakenya na marafiki zao lilianzisha Ushahidi, tovuti iliyokusanya taarifa za wananchi, zikiwamo za ujumbe wa simu, na kuziweka kwenye ramani. Mtu aliweza kuisogeza ramani na kuona yanayosemwa Kisumu au Eldoret. Kwa kulitazama jina lake, naona limesema ukweli: pale uburutaji ulikuwa njia ya kutoa na kutazama ushahidi, si mapambo ya ukurasa.

Lakini hapohapo swali langu la pili linajitokeza. Taarifa zilitoka kwenye simu. Ramani ilitazamwa kwa kipanya. Wengi wetu katika eneo hili tuliingia mtandaoni kwa simu, wala hatukupitia kompyuta ya mezani. Simu ya iPhone ilipotoka mwaka 2007, kidole kilichukua nafasi ya kipanya, na misimbo iliyokuwa imeandikwa kwa miaka kumi na zaidi haikukijua kidole. Ili kurasa za zamani zisife kabisa, kivinjari cha simu kiliigiza kipanya: mtu akigusa na kuinua kidole, ndipo kilipotuma matukio ya kubonyeza na kuachia, yote kwa mkupuo. Kwa kubofya hilo lilitosha. Kwa kuburuta halikusaidia kitu, kwa sababu habari zilifika baada ya mkono kwisha kazi. Aidha, kuburuta kidole kwenye simu kulikuwa tayari na maana nyingine, ya kusogeza ukurasa wenyewe. Mtu aliyejaribu kusogeza duara aliona ukurasa wote unapanda, na duara limetulia palepale.

Nimekutana na michoro mingi ya kujifunzia, ya fizikia, ya takwimu, ya jiografia, inayomwambia mwanafunzi "buruta nukta hii uone kinachotokea", na kwenye simu hakitokei chochote. Ukurasa umefunguka, maandishi yanasomeka, lakini somo lenyewe liko ndani ya kitendo ambacho mkono wa mwanafunzi huyo hauruhusiwi kukifanya. Hakuna aliyekusudia kumfungia mlango. Aliyeandika alikuwa na kipanya mezani, akadhani mkono wake ni mkono wa kila mtu.

Marekebisho yalikuja kwa awamu. Apple walibuni matukio ya mguso yanayojitegemea, nayo yakawa kanuni ya W3C mwaka 2013. Sasa mwandishi alilazimika kuandika tena mara mbili, kwa kipanya na kwa kidole. Microsoft, waliokuwa wachelewaji katika ugomvi wa kwanza, safari hii walitangulia: walipendekeza tukio moja linalobeba habari za kipanya, kidole na kalamu kwa pamoja. Pendekezo hilo lilikuwa kanuni mwaka 2015, na Apple walilipokea kwenye kivinjari chao mwaka 2019. Kanuni hiyo iliponya pia ile ajali ya mkono kuikimbia mashine: umbo likibonyezwa linaweza kuomba lipewe habari zote za mkono ule hadi utakapoachia, hata ukienda nje ya mipaka yake. Na mwandishi anaweza kutangaza mapema kwamba kidole kikipita juu ya umbo hili, ukurasa usisogezwe.

Bado kuna mikono ambayo kanuni hizo hazikuigusa. Kuburuta kunadai mambo mawili kwa wakati mmoja, kushikilia na kusogeza kwa usahihi. Mtu ambaye mikono yake inatetemeka, au anayetumia chombo cha kuongozwa kwa kichwa, anaweza kubonyeza vizuri kabisa, lakini hawezi kushikilia huku akisogeza. Mwongozo wa W3C kuhusu ufikivu, toleo la 2.2 lililotolewa tarehe 5 Oktoba 2023, uliingiza sharti jipya juu ya jambo hili: kinachofanyika kwa kuburuta kiwe na njia ya kufanyika pia kwa kubonyeza tu bila kuburuta, isipokuwa pale ambapo kuburuta ndiyo kazi yenyewe. Kwa mfano, mtu abonyeze kitu kukichagua, kisha abonyeze mahali anapotaka kiende. Ramani iwe na vitufe vya kuisogeza kushoto na kulia.

Msomaji aliyefuata hadithi tangu mwanzo ataitambua njia hiyo. Chagua kitu, amuru kihame, onyesha mahali: ndivyo Star ya Xerox ilivyofanya mwaka 1981. Vitufe vya kusogeza ramani ndiyo ile mishale ya pembeni tuliyoiacha mwaka 2005 tukiiona ya kizamani. Njia zilizotupwa kwa sababu hazikufanana vya kutosha na kushika zimerudi kuwa haki ya watu wasioweza kushika.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaoisimulia historia ya kompyuta kama ngazi ambayo kila kipande chake cha juu ni bora kuliko cha chini. Kuburuta kulishinda mwaka 1984 kwa sababu kulimfaa mtu mwenye mkono thabiti na kipanya mezani, na mtu huyo ndiye aliyekuwa akitengeneza na kununua mashine. Aliyekuwa na simu tu, na aliyekuwa na mkono unaotetemeka, walisubiri kwa miongo, ingawa mashine haikuwahi kuwakataa. Mashine haijui mkono ni wa nani. Inapokea kubonyezwa, kusogea na kuachiwa, na maana ya hayo matatu tunaiandika sisi. Anayeandika mchoro leo anaweza kuandika pia kwamba kubonyeza mara mbili, hapa kisha pale, ni kushika na kupeleka. Ni mistari michache ya msimbo, na mfano wake umekuwapo tangu mwaka 1981.